Mvua Hiyo Ameitoa Wapi?

Nilimjua Ororo Munroe kabla sijamwona Halle Berry, na mpangilio huo ndio ulioniharibia filamu zote. Wengi wa rika langu walianza na filamu: mwanamke mwenye nywele nyeupe, macho yanabadilika, upepo unavuma, ndege za kivita zinapeperushwa kama karatasi. Mimi nilianza na karatasi zenyewe. Nilianza na vitabu vya katuni vilivyochakaa, vyenye harufu ya gunia, na humo Ororo alikuwa mtu kabla hajawa dhoruba.

Nasoma shahada ya uzamili ya fasihi, na nimeshazoea kuulizwa kama X-Men nao ni fasihi. Swali hilo nawaachia wengine. Hapa naandika kama shabiki, na shabiki ni mtu anayedai. Nimempenda huyu mwanamke kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na ninawadai waliompeleka kwenye sinema.

Kwa asiyepajua, Horohoro ndipo Tanzania inapoishia ukitokea Tanga mjini, kilomita kama 65 za lami iliyojengwa kwa msaada wa Marekani. Ukivuka tu uko Lunga Lunga, Kaunti ya Kwale, Kenya. Katikati kuna uhamiaji na forodha, foleni ya malori, wabadilisha fedha wenye mabunda ya noti mkononi, bodaboda, na mama zetu na masufuria ya chai. Wadigo tuko pande zote mbili. Mimi nina bibi Tanzania na shangazi Kenya, na harusi ya upande mmoja hupikiwa kwa masufuria ya upande wa pili.

Mjomba alikuwa wakala wa kutoa mizigo forodhani. Kila alipokwenda Mombasa kufuatilia karatasi za watu, alirudi na kitu kutoka kwa wauza vitabu vya mtumba. “Mjomba,” aliniambia siku moja, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilo hilo, “nimekuletea Wazungu wanaoruka.”

Nilikuwa nimezoea katuni za Sani, za Ndumilakuwili na Lodi Lofa, ambao shida zao zilikuwa kodi ya nyumba na tamaa ya wanawake. Hawa wa mjomba walikuwa na shida nyingine. Na miongoni mwa Wazungu wanaoruka alikuwemo mmoja ambaye hakuwa Mzungu.

Ororo alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1975, katika Giant-Size X-Men, mwandishi akiwa Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Baada ya hapo Chris Claremont alimwandika kwa miaka mingi, na ndiye aliyempa historia. Baba yake ni Mmarekani mweusi, mpiga picha wa magazeti. Mama yake, N'Dare, ni mwana wa ukoo wa kifalme kutoka Kenya. Wanahamia Cairo. Wakati wa vita vya Suez ndege inaanguka juu ya nyumba yao, wazazi wanakufa, na mtoto anabaki amefukiwa kwenye kifusi pamoja na maiti ya mama yake. Tangu siku hiyo hawezi kukaa mahali pa kufungiwa. Anakuwa mwizi wa mitaani, kisha kitu kinamvuta kusini, nchi ya mama yake, naye anakwenda.

Hapo ndipo mtoto wa mpakani alipokwama. Masimulizi ya safari hiyo yanataja Kenya, yanataja Serengeti, kana kwamba ni kiwanja kimoja cha mpira. Nilimuuliza mjomba: alipitia mpaka gani? Sirari? Namanga? Aligonga muhuri? Mjomba akafikiri kwa uzito, kama mtu aliyeulizwa habari za kontena lililokwama. “Huyo anapaa,” akasema. “Anayepaa hagongi muhuri.”

Halafu kuna jina. Katika katuni inaelezwa kwamba Ororo maana yake ni uzuri, lakini haielezwi kwa lugha gani. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa, kwa sababu neno analisikia mara moja. Kitanda chororo, ngozi nyororo, moyo mwororo: ni ulaini. Sidhani waandishi walikusudia hivyo. Kwa Kiyoruba neno hilo hilo ni mafuta ya kupikia, nayo nina hakika hawakuyakusudia. Lakini kwangu, nikiwa na miaka kumi na moja, ilikuwa kama siri niliyopewa peke yangu. Mwanamke anayeweza kuangusha radi anaitwa Laini. Wamarekani walimwita Storm, yaani Dhoruba, wakadhani ndilo jina lake la kazi, na kumbe jina zito zaidi walikuwa nalo mkononi bila kulisoma.

(Kuhusu N'Dare na kiapostrofi chake, sina la kusema. Sisi alama hiyo tumewapa ng'ombe na ng'ambo, ikatutosha.)

Filamu niliiona kwenye kibanda umiza. Ilikuwa X2, ya mwaka 2003, iliyotufikia miaka mingi baadaye ikiwa imetiwa sauti ya Kiswahili kwa mtindo ambao Lufufu aliufanya maarufu Tanzania na DJ Afro kule Kenya: mtu mmoja anatafsiri, anatania, anawagawia waigizaji majina ya mtaani. Nililipia kiti cha mbele. Nilikuwa nimewaambia watoto wote kwamba kuna dada yetu humo ndani.

Dada yetu alitokea, akasema machache, akaendesha ndege. Zilipowafuata ndege za kivita akainua macho, vimbunga vikashuka kutoka mawinguni kama vidole, ndege zikatawanyika. Kibanda kizima kikapiga kelele. Mimi pia nilipiga kelele. Ni onyesho zuri hadi leo. Kisha likaisha, na nikangoja wamtaje mama yake. Nikangoja hadi taa zikawashwa.

Baadaye nilizitafuta zote. Katika ya kwanza, ya mwaka 2000, Halle Berry anazungumza kwa lafudhi inayotaka kuwa ya Kiafrika. Kufikia X2 lafudhi imetoweka, wala hakuna aliyeuliza imekwenda wapi. Onyesho lake linalokumbukwa sana katika filamu ile ya kwanza ni mzaha anaomfanyia adui aitwaye Chura kabla ya kumpiga radi, mzaha ambao mashabiki wanauchekea mpaka leo, na hawauchekei kwa sababu unachekesha. Katika The Last Stand ya 2006 ndiye anayeiongoza shule baada ya Profesa Xavier kuondoka, na bado ni kama mwalimu wa zamu. Halle Berry alimcheza katika filamu nne. Katika zote nne sikumsikia akitoka mahali popote.

Sasa niseme shauri langu, kwa sababu kulalamika kwamba filamu imeacha kitu ni kazi rahisi. Kila filamu huacha. Saa mbili hazitoshi kubeba miaka arobaini ya katuni. Ninachohoji ni kilichoachwa na kilichowekwa mahali pake, na kwa Ororo naona vitu viwili.

Cha kwanza ni ukoo wa mama. Katika katuni nywele nyeupe na macho ya buluu ni urithi: zinatoka kwa mama, kwa mama wa mama, kwa mlolongo mrefu wa wanawake waliokuwa makuhani. Kwa Mdigo hili halihitaji maelezo. Kwetu zamani ukoo ulihesabiwa kwa mama, ndiyo maana mjomba ana sauti nyumbani kuliko watu wanavyodhani. Nilipomwona Ororo nilimwona mtoto aliyepoteza baba na mama lakini hakupoteza ukoo, kwa sababu ukoo ameubeba kichwani. Mwaka 2016, katika X-Men: Apocalypse, Ororo wa Alexandra Shipp ni kijana mwizi wa Cairo mwenye nywele nyeusi, zenye mstari mweupe tu. Anakuja adui wa filamu, anamgusa, na nywele zinakuwa nyeupe. Onyesho lenyewe ni la sekunde chache. Lakini ndani ya sekunde hizo urithi wa bibi zake wote umegeuka zawadi ya mwanamume aliyekuja kuiangamiza dunia. Nilipoliona nilisimamisha kompyuta nikatoka nje kidogo.

Cha pili ni mvua, na hapa lazima niwe mkweli kuhusu katuni pia. Ukurasa ule wa 1975 haunipendezi. Wanakijiji wa Kenya wamepiga magoti wanamwomba mungu wao wa kike awaondolee ukame. Yeye yuko karibu uchi. Hakuna mwanakijiji mwenye jina. Anawapa mvua, kisha anafika Profesa Xavier kutoka Marekani kumweleza kwamba si mungu, ni mtu aliyezaliwa na uwezo wa pekee, na kwamba dunia kubwa inamhitaji. Anakubali kwa haraka ya ajabu. Nani atawaletea wale watu mvua mwaka ujao? Ukurasa unafunguliwa, tuko New York.

Lakini angalau ukurasa ule unajua kwamba mvua ni jambo kati ya mtu na watu. Wametoka kwao kuiomba, na aliyeiombwa ana wajibu. Huhitaji kwenda mbali na Horohoro kulikuta wazo hilo likiwa na kichwa na miguu. Huko milimani Usambara, katika karne ya 19, Kimweri ye Nyumbai alitawala Washambaa akiwa Vuga, na sehemu ya utawala wenyewe ilikuwa mvua. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990, anaonyesha jinsi Washambaa walivyozungumzia siasa kwa misemo miwili: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu nchi. Uwezo ulikuwa ule ule mmoja. Mtawala aliyepewa kodi na kutambuliwa aliiponya nchi. Wenye uwezo walipogombana, nchi iliharibika. Kwa hiyo mvua iliponyesha au isiponyesha, watu walikuwa na mtu wa kumuuliza.

Katika filamu hakuna wa kuuliza. Hakuna anayemwomba Ororo mvua, wala hakuna shamba. Hali ya hewa imekuwa silaha kama makucha ya Wolverine au macho ya Cyclops: inatolewa, inapiga, inarudishwa. Filamu za mapambano zinahitaji silaha, naelewa. Lakini ukilifanya wingu kuwa bunduki umeondoa kile kilichomtofautisha Ororo na wenzake wote. Makucha ni ya Wolverine peke yake, lakini wingu lina wenyewe wengi.

Hoja hii ninaiandika kana kwamba niliigundua maktabani. Ni ya bibi.

Masika ya 2022 yalikuwa haba shambani kwake, baada ya mwaka ambao nao haukuwa mzuri. Mahindi yalitoka, yakafika magotini, yakajikunja. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza, niko nyumbani nasubiri majibu ya maombi, sina kazi, na jioni nilimsomea bibi. Alikuwa amechoka na simulizi za redio. Nikamletea katuni, nikawa ninamfasiria huku namwonyesha picha.

Nilianza na filamu, kwenye simu. Nikamwonyesha onyesho la vimbunga. Aliangalia mpaka mwisho, akanirudishia simu, akauliza, “Mvua hiyo ameitoa wapi?”

Nikamwambia anaiumba, ndio uwezo wake.

“Mvua haiumbwi na mtu, mwanangu. Ikinyesha hapa imehama mahali. Huko alikoitoa, wameambiwa?”

Sikuwa na jibu, nikamtafutia. Nikatoa sandukuni kitabu ninachokipenda kuliko vyote, Uncanny X-Men namba 198 cha mwaka 1985, hadithi iitwayo “Lifedeath II”, iliyoandikwa na Claremont na kuchorwa na Barry Windsor-Smith. Ororo amepoteza uwezo wake. Anatembea peke yake Afrika, amejeruhiwa, na anakutana na msichana mjamzito, Shani. Anamsaidia kujifungua, wanafika kijijini, na kijiji kinakufa kwa ukame. Hakuna anachoweza kufanya. Kwa mara ya kwanza mungu wa mvua anakaa chini kama watu wengine na kuutazama udongo. Kuna mzee, Mjnari (bibi alimwita Mjinari, tukaendelea), anayemfundisha kwamba nchi ina mizani: uhai mmoja ukiingia, mwingine hutoka. Mtoto amezaliwa, kwa hiyo mzee lazima aondoke ampishe. Anatoka kijijini kwenda kufa, na Ororo anamsindikiza.

Kwangu hii ndiyo hadithi bora ya X-Men iliyopata kuandikwa. Hakuna adui, wala ngumi. Inalijua swali la bibi: kwamba kila unachokipata, kuna mahali kimepungua. Nilipofika kwenye kuondoka kwa mzee, sauti ilinikwama, na sababu haikuwa mzee wa katuni. Wiki ile bibi alikuwa ameuza mbuzi sita. Bei zilikuwa mbaya, maana kila mtu alikuwa anauza. Alisema anawauza kabla njaa haijawala. Baadaye nilijua fedha ile aliiweka pembeni kwa ajili ya ada yangu. Kwa hiyo nilikaa pale namsomea habari za mzee anayempisha mtoto, nikiwa mimi ndiye mtoto.

Nilidhani ataguswa kama mimi. Alinyamaza, akaomba aione tena picha ya mzee, akaitazama kwa muda.

“Mpumbavu huyu,” akasema.

Nikashtuka. Nikaanza kumweleza mizani.

“Nimesikia mizani. Kijiji kina ukame, na yeye ndiye mkubwa. Ukame uliopita walichimba wapi? Mizizi gani inaliwa na ipi inaua? Anajua yeye. Sasa anaondoka, anawaachia huyu mtoto wa siku moja. Huyo mtoto ataonyesha kisima?”

Nimesoma makala nyingi tangu siku ile, na sijaona uhakiki mkali zaidi wa “Lifedeath II”. Katika sekunde chache bibi alikuwa ameona nilichokipita miaka yote: kwamba mzee wa Kiafrika anayekwenda kufa kwa utulivu machweoni ni picha nzuri kwa anayeitazama kutoka mbali. Aliyeko kijijini anahesabu amepoteza nini. Filamu ilimnyima Ororo kwao. Katuni ilimpa kwao, lakini kwao kulikotungwa na watu ambao hawakuhitaji kuonyeshwa kisima.

Bado naipenda. Naona ni vizuri kusema hivyo, kwa sababu huku kwetu tunadhani ukiona kasoro umeacha kupenda. Mjomba aliyaona makosa ya kila tamko la forodha lililopita mikononi mwake na hakuacha kazi.

Mwaka 2019 Disney iliinunua kampuni iliyokuwa inatengeneza filamu za X-Men, na kwa hiyo Ororo sasa yuko mikono ile ile iliyotengeneza Black Panther mwaka mmoja kabla. Katika katuni hao wawili walioana mwaka 2006, kwa hiyo mashabiki tuna haki ya kungoja. Nilipenda Black Panther. Nililia kwa mavazi ya Ruth E. Carter kabla hayajapata Oscar. Lakini pale pia niliona Wakanda ikiwekwa kwenye ramani upande wetu huu wa Afrika na kuzungumzishwa Kixhosa cha kusini kabisa, huku Kiswahili kikibaki kuning'inia kama majina tu: Zuri, Jabari. Nguo zilikuwa za kila mahali, zimechaguliwa kwa jicho zuri. Ninachohofia kwa Ororo ni hicho: kwamba safari hii watamkumbuka mama yake, watampa shanga, lafudhi nzuri, mlima nyuma yake, na wimbo. Na bado hakuna atakayemuuliza kitu.

Mimi siombi mlima. Siombi hata Kiswahili, ingawa kikija nitashangilia. Naomba onyesho moja, dakika mbili. Ororo ameleta mvua mahali, watu wanacheza, muziki umepanda. Halafu anafika mtu kutoka mahali pengine, vumbi mpaka magotini, anauliza lile swali. Wasikimbilie kumjibia. Wamwache Ororo asimame pale, na jina lake laini, atafute la kusema.

Kitabu namba 198 hakiko kwangu. Bibi alikibakiza, kiko chini ya godoro pamoja na kadi ya kliniki na hati ya shamba. Kila ninaposhuka kwenye basi Horohoro na kumwamkia, anaitika marahaba, anauliza habari za Dar, na kabla sijakaa anauliza kama kimetoka kingine. Anataka kujua yule mtoto wa Shani alikulia wapi, na maji walipata kwa nani.